Mtoto Mwenye Vidole Tisa

Mtoto Yesu aliyelala juu ya meza ya jikoni hakuwa wa mama yangu, na misa ilikuwa saa sita mchana.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe mbili Februari, sikukuu ya mishumaa, siku ambayo kwetu kila familia hupeleka kanisani sanamu yake ya Mtoto Yesu ibarikiwe, saa moja na robo asubuhi. Mama alikuwa ameshaoga, amesuka nywele, amevaa gauni lake la kijivu na amemaliza rozari nzima, kwa sababu nyumbani kwake hakuna anayemfungua Mtoto kabla ya hayo yote. Ndipo akafungua taulo nililomletea Jumamosi kutoka kwa mshonaji. Akaangalia kanzu mpya nyeupe, taji, na kiti kidogo cha rangi ya dhahabu. Akauangalia uso kwa muda mrefu. Kisha akamvua kiatu cha mguu wa kulia, akahesabu.

"Vitano," alisema.

"Nini vitano?"

"Vidole, Nabor. Huyu ana vidole vitano. Wangu ana vinne."

Nilikuwa nimesimama kando ya jiko na kikombe cha kahawa. "Labda kimeota."

Alinipiga mwiko begani, si kwa utani. Ana miaka sabini na minane, na mkono wake bado ni wa mtu aliyechuma zabibu miaka thelathini.

Binti yangu Yaretzi alikuwa anapanga kwenye masufuria tamales, unga wa mahindi wenye nyama au jibini uliofungwa kwenye maganda yake. Yeye ndiye aliyekutana na kidoli ndani ya mkate siku ya Wafalme, na kwetu ukikiuma kidoli, sikukuu ya mishumaa tamales ni juu yako. Alikuwa amefunga mia mbili na arobaini tangu Jumapili asubuhi. Alikuja, akainama juu ya meza, akatazama mguu, akanitazama mimi.

"Baba, umeleta mtoto wa watu."

Ilikuwa kweli. Bi Amparo, mshonaji, huwavalisha Watoto wa mji mzima. Jumamosi chumba chake kilikuwa na kama sitini, wamelala mezani, kwenye kochi, juu ya mashine ya kufulia. Wengine wamevishwa kama madaktari, wengine kama wachungaji, mmoja amevaa jezi ya mpira. Mama aliniambia: kanzu nyeupe, taji, kiti, maana ni mwaka wa tatu wa mzunguko wa mavazi yake, na mwaka wa tatu anakalishwa kama mfalme. Nilikuwa nimeegesha pikapu mbele ya lango la mtu na mwenye lango anapiga honi. Bi Amparo akaniuliza, ndiye huyu? Nikaona nyeupe, nikaona taji, nikaona kiti. Nikasema ndiye. Nilimtambua Mungu kwa nguo.

"Mama, misa itaendelea," nilisema. "Mpeleke huyu. Mtoto Yesu ni mmoja, si ndivyo mnavyofundishwa?"

Mama alikaa kwenye kiti.

"Sikuweka nadhiri na huyu," alisema.

Nadhiri hiyo inanihusu mimi. Nilipokuwa na miezi minane, kule kijijini kwetu Michoacán, nilishikwa na homa siku sita, na siku ya sita niliacha kulia. Mama alimchukua Mtoto aliyerithi kwa mama yake, akamlaza karibu yangu kwenye mkeka, akasema: niachie huyu, na mimi nitakupeleka kanisani kwa mikono yangu kila sikukuu ya mishumaa mpaka nife. Asubuhi nilitaka kunyonya. Nilipofika miaka mitatu tulivuka mpaka kuja huku kaskazini, mimi mkono wake wa kulia, Mtoto mkono wa kushoto, na pale kwenye uzio alituangusha sote wawili. Mimi nina kovu kidevuni. Yeye alipoteza kidole kidogo cha mguu. Mpaka leo mama hajawahi kuniambia alianza kumwokota nani.

Tangu nadhiri ile alikuwa amempeleka mara arobaini na nane. Alimpeleka siku mbili baada ya kumzaa dada yangu Nohemí. Alimpeleka mwaka wa baridi iliyoua machungwa yote, kwa miguu. Mwaka juzi alimpeleka akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya nyonga. Mimi sikuwa mtu wa kusali. Naezeka mapaa, nalipa kodi, nilikuwa sijaingia kanisani kwa miaka kumi na mmoja. Lakini nilipomwona amekaa pale na kiatu kidogo mkononi, nilijua anachowaza. Anawaza kwamba asipompeleka leo, kile alichopewa kitarudishwa. Na kile alichopewa kilikuwa kimesimama mbele yake, kinakunywa kahawa.

"Vaa koti," nilimwambia.

"Nimeshavaa," alisema, akainuka.

Nohemí tulimpigia simu aje kulinda masufuria. Yaretzi alisema haendi popote, ana tamales. Mama akamwambia, wewe una macho, baba yako hana, ingia ndani ya gari. Akaingia.

*

Bi Amparo anakaa nyuma ya duka la matairi. Saa mbili kasoro alikuwa na wateja watatu wamekaa wanangoja na Watoto wao uchi mapajani, na yeye yuko kwenye cherehani na pini mdomoni.

"Umempa mwanangu Mtoto wa nani?" mama alimuuliza, bila salamu.

Bi Amparo alitema pini kwenye kiganja. "Bi Otilia. Mwanao alisema ndiye."

"Mwanangu asingejua mkono wake wa kushoto kama haujavaa saa."

Wale wanawake watatu walinitazama. Nilitazama ukuta.

"Mimi kila mmoja namwekea karatasi ya jina," Bi Amparo alisema. "Ndani ya kiatu. Miaka ishirini naweka ndani ya kiatu. Hamkuangalia?"

"Nimevua kiatu. Hakuna karatasi."

"Kipi?"

Yaretzi alimchukua Mtoto, akamvua kiatu cha kushoto, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. *Crescencia Huante, Mendota.*

"Mendota," nilisema. Huko ni mwendo wa dakika arobaini na tano kukiwa kweupe, na nje hakukuwa kweupe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde letu lote la mashamba tangu Ijumaa, ule wetu wa Januari na Februari, ambao ukinyoosha mkono unaona kiwiko tu.

"Alhamisi alimchukua aliyedhani ni wake, kumbe wenu," Bi Amparo alisema. "Nao walikuwa wawili tu wenye kiti. Sasa ole wangu."

"Mpigie simu."

"Simu ya nyumba ile anapokea mumewe, na mumewe hasemi tangu Oktoba. Alipata kiharusi. Anainua simu anapumua tu." Alishika mkono wa mama. "Lango la buluu, kando ya ghala la matikiti. Nenda, dada. Mwaka ujao namvalisha bure."

"Mwaka ujao nitamleta mwenyewe," mama alisema.

*

Mama alikaa mbele na yule Mtoto wa vidole kumi mapajani. Kabla sijaondoa gari alisema, "Mfunge mkanda."

"Yeye?"

"Ni wa watu. Akivunjika tutasema nini?"

Nikamfunga mkanda pamoja na mama, mkanda mmoja wawili. Tukaingia barabara ya magharibi. Sikuona kitu. Niliona mstari wa njano mita tatu mbele, na pembeni milozi ikitokea mmojammoja na kupotea. Mama alianza rozari tena. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Nikipunguza, anapunguza, na kunitazama.

"Saa ngapi, Yaretzi?"

"Saa mbili na dakika ishirini na tano, bibi."

"Baba yako anaendesha kama anapeleka mayai."

"Mama, sioni barabara."

"Huhitaji kuiona. Imenyooka. Mimi nimeipita kwa basi la vibarua kabla hujaota ndevu." Kisha, kwa sauti ileile, "Salamu Maria, umejaa neema."

Niliongeza mwendo. Nilikuwa nahisi joto shingoni. Nilijishika paji la uso, nikadhani hawakuniona.

"Baba, una homa?" Yaretzi aliuliza kutoka nyuma.

"Sina homa."

"Mbona unajishika?"

"Najikuna."

Mama aliacha kusali. Aliweka kiganja chake kwenye paji langu, nikiendesha hivyohivyo na jicho moja, akakiacha pale muda mrefu. "Bado," alisema, akarudi kwenye rozari. Ni hilo neno bado lililonifanya nikanyage mafuta.

Trekta lilitokea ukunguni likija upande wetu, pana, na mikono ya kunyunyizia dawa imekunjwa pembeni kama panzi. Nilivuta usukani. Kulikuwa na mlio mmoja, mkavu, kama risasi, na kioo changu cha pembeni hakikuwepo tena. Tulisimama kwenye majani, gari limeelekea milozi. Yaretzi alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono yote miwili. Mama alimpapasa yule Mtoto kuanzia taji hadi miguu.

"Mzima," alisema.

"Na mimi mzima, mama, asante."

"Nakuona. Endelea."

Tulipotea mara moja, tukafika kwenye mfereji badala ya mji, tukageuza. Saa tatu na dakika arobaini Yaretzi aliliona lango la buluu kabla yangu. Nilishaanza kuamini kwamba kweli sina macho.

*

Bi Crescencia ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye aproni ya maua. Alifungua mlango kabla hatujamaliza kubisha hodi. Alimwona mama, akamwona Mtoto mikononi mwa mama, na uso wake ukafunga kama duka.

"Karibuni," alisema. Alitaka kusema kitu kingine.

Sebuleni kulikuwa na meza ya altare, maua ya karatasi, mishumaa mitano inawaka, na katikati, kwenye kiti chake cha dhahabu, alikaa wa kwetu. Hata mimi nilimjua. Nilipomwona nilishangaa vipi nilikosea. Ana uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Miaka yote ya utoto wangu aliniangalia hivyo nikila.

Mama alipiga ishara ya msalaba. Kisha akanyoosha mkono.

"Dada, Mungu akubariki," alisema. "Vijana walichanganya. Huyu hapa wako, mzima, ana vidole vyake vyote. Nipe wangu tuwahi misa."

Bi Crescencia hakusogea. Alisimama kati ya mama na meza.

"Nilijua si wangu," alisema. "Alhamisi ileile. Nilimvua kiatu nimpake mafuta, nikaona kidole hakipo."

"Na hukumrudisha?"

"Nilikuwa namrudisha Ijumaa."

"Leo Jumatatu."

"Najua leo Jumatatu, mwenzangu. Kaa kwanza."

"Sikai. Nina misa saa sita."

"Na mimi nina misa saa sita."

Walikuwa wanatazamana hivyo, vichwa viwili vya mvi, hakuna anayepepesa. Nikaanza kufikiria kama naweza kumnyakua Mtoto na kukimbia. Nakiri niliwaza hivyo. Nilikuwa nimeshapima hatua tatu hadi mezani.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka jikoni, nzito, inavutavuta maneno kama mtu anayekokota gunia. "Chencha. Nani hao. Wamekuja na mkate?"

Mama aligeuka. Yaretzi aliniminya mkono.

"Huyo ni Fermín, mume wangu, na Chencha ni mimi," Bi Crescencia alisema. "Tangu Oktoba hajatamka hata jina langu. Daktari alisema nizoee. Alhamisi usiku nilipiga magoti hapa, mbele ya huyu, wa vidole vinne. Nilijua si wangu. Nikasema, umekuja kwangu na huko ulikotoka wanakutafuta, basi lazima kuna ulichokuja kufanya. Nikamwambia, nipe sauti ya Fermín, hata kama ni ya kunitukana. Nitakuwashia mshumaa kila usiku nyumbani kwangu miaka mitatu, na kila sikukuu yako nitakubeba kanisani mwenyewe. Ijumaa asubuhi nampelekea kahawa, ananiambia, kahawa gani hii, imepoa."

"Ilikuwa imepoa," ile sauti ilisema jikoni.

Mama alienda jikoni. Tulimfuata. Mzee Fermín alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, upande mmoja wa uso umeshuka, blanketi magotini.

"Niambie kitu," mama alimwambia.

Alimtazama toka juu hadi chini. "Una majani kwenye viatu," alisema. "Na huyo mwanao gari lake halina kioo."

Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa na majani kwenye viatu.

Sikupenda hilo. Namfahamu. Kama yule mwanamke angekuwa mwizi, mama angempitia kama lori. Kama angekuwa mjinga, angemwelimisha. Lakini nadhiri ni kitu kingine kabisa. Mama amelipa nadhiri maisha yake yote. Hawezi kumzuia mtu mwingine kulipa yake, hata kwa fimbo.

"Mama," nilimnong'oneza, "saa nne na dakika tano."

"Nyamaza, Nabor." Akamgeukia Bi Crescencia. "Ulisema kanisa gani?"

"Kanisani. Sikusema gani."

"Na mimi sikusema gani. Niliposema nilikuwa kwenye mkeka na mtoto anakufa, sikuwa na nafasi ya kutaja." Alinionyesha kwa kidole. "Mtoto mwenyewe huyo."

Bi Crescencia alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kama mtu anayekagua kazi iliyolipiwa ghali. "Amekuwa mkubwa," alisema.

"Amekuwa mnene. Sikiliza, dada. Mtoto ni mmoja, misa ni moja, sisi tuna mikono minne. Tutambeba sote wawili. Twende kwetu, binti huyu amepika tamales mia mbili na arobaini, haziwezi kuhamia huku."

"Fermín siwezi kumwacha."

"Za nyama au za jibini?" Mzee Fermín aliuliza.

"Zote, babu," Yaretzi alisema. "Na za pilipili."

"Chencha. Niletee kofia."

*

Tulikuwa watano na Watoto wawili ndani ya pikapu. Mzee Fermín mbele, maana mguu wake haukunjiki. Nyuma walikaa mama na Bi Crescencia na kati yao Yaretzi, ambaye alipewa wa vidole kumi, huku wale wawili wakimshika wa vidole tisa juu ya magoti yake, mmoja kichwa, mwingine miguu, kama wanavuta shuka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, kimo cha mtu. Niliendesha. Sijawahi kuendesha hivyo hata nilipokuwa kijana mwenye sababu za kijinga. Mzee Fermín, ambaye alikuwa na miezi minne ya maneno yaliyolundikana, alisoma kila kibao. Alisoma bei ya mafuta. Alisoma jina la mtu anayegombea umeya.

"Hanyamazi tangu Ijumaa," Bi Crescencia alisema nyuma. "Jana usiku nilimwambia Mtoto, nimeshukuru, lakini ungempa nusu tu."

Mama alicheka. Nilimwona kwenye kioo cha ndani, kilichobaki. Alikuwa anacheka na machozi yapo, na hakuachia kichwa cha Mtoto.

Saa tano na dakika arobaini na mbili tulifika mjini. Kanisa liko ng'ambo ya reli. Niliuona mnara wake. Na kengele ya reli ikaanza kulia, kizuizi kikashuka mbele ya pua ya gari, na treni ya mizigo ikaingia taratibu, taratibu kama ng'ombe.

"Hapana," nilisema.

"Moja," alisema Mzee Fermín. "Mbili. Tatu."

"Mzee, tafadhali."

"Nne. Tano."

Nilishika usukani. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni katika baridi ya Februari. Nyuma rozari ilianza tena, sauti mbili safari hii, na ya tatu ya Yaretzi, ambaye kwa kawaida hujifanya kasahau maneno. Mabehewa yalipita. Saa sita kasoro dakika mbili. Mzee Fermín alikuwa amefika sitini na nne, na nikagundua midomo yangu inatembea pamoja nao. Sijui nilianza lini. Maneno yalikuwa yale yale ya utotoni, hayakuwa yameenda popote.

"Tisini na mbili," alisema Mzee Fermín, na kizuizi kikapanda.

Niliegesha juu ya njia ya watembea kwa miguu. Siku hiyo misa huanzia nje, padri hubariki mishumaa mlangoni, kisha watu wote huingia kwa maandamano, na maandamano yalikuwa yameshaanza. Mkia wake ulikuwa ukipanda ngazi. Nilimbeba Mzee Fermín mgongoni kama fungu la vigae, maana hilo naliweza, nikamweka kwenye benchi la mwisho. Nilipogeuka, Yaretzi alikuwa amenyoosha mikono.

"Shika huyu, baba. Natakiwa kumshika bibi, nyonga yake."

Nikamshika wa vidole kumi. Sikuwa nimewahi kumshika Mtoto hivyo, kifuani, mbele ya watu. Ni mwepesi kuliko unavyodhani.

Mbele yangu mama na Bi Crescencia walikuwa wanapanda katikati ya kanisa kwa ubavu, kama kaa, kila mmoja na mwisho wake wa Mtoto, hakuna anayekubali kutangulia. Watu walipisha. Mtu mmoja alicheka, mkewe akamkanyaga. Kila kitanda kidogo na kila kapu lilikuwa na Mtoto ndani, mia labda, lakini mmoja tu alikuwa na mama wawili. Padri alipofika kwao na maji ya baraka alisita. Akamtazama mama, ambaye anamfahamu, kisha yule mwingine.

"Wa nani huyu, Bi Otilia?"

"Tunaye," mama alisema. "Mnyunyizie."

Akamnyunyizia. Mara ya arobaini na tisa. Maji yakaruka mpaka kwangu, nikasikia ubaridi usoni, na joto la shingoni likaondoka. Naandika kama lilivyotokea. Hata ukungu ulikuwa unatoka wakati huo, jua likaingia madirishani, nawe unaweza kusema lilikuwa jua tu.

*

Ukumbini, baada ya misa, tamales zilitoka masufuriani zikifuka na uji wa mahindi ukamiminwa. Yaretzi alikuwa anapita kati ya meza, kila mtu anamwita. Mama na Bi Crescencia walikaa pembeni, Mtoto amekaa juu ya meza kati ya sahani zao. Nilidhani limekwisha. Nilienda kumchukua nimpeleke garini, wa kwetu, kwenye gari letu.

"Mwache," mama alisema. "Anaenda Mendota."

"Nini?"

"Huyu mwenzangu aliahidi mshumaa kila usiku, nyumbani kwake. Miaka mitatu. Wake atabaki kwangu."

"Mama, na wewe?"

"Mimi niliahidi kumpeleka kanisani kila mwaka. Atamleta hapa kila Februari, tutambeba. Sikuahidi kulala naye nyumba moja." Alisema hivyo, halafu akamvua Mtoto kiatu cha kulia, akapitisha kidole gumba mahali ambapo kidole kidogo hakipo, mara mbili, akamvalisha tena. "Nenda," alimwambia. "Ukale vizuri."

Bi Crescencia alikuwa analia. Alichukua mkono wa mama akaubusu, na mama hakupenda, akauvuta.

Niliwarudisha Mendota saa tisa. Kurudi nilikuwa peke yangu, kweupe, barabara imenyooka kama mama alivyosema.

Gharama yake ni hii. Kioo kimoja cha pembeni. Siku moja ya kazi, na paa la mtu lililokaa wazi. Kanzu moja mpya, taji na kiti, vilivyokwenda pamoja naye. Tamales kumi na moja alizokula Mzee Fermín na thelathini alizofungiwa. Kwangu mimi, Jumapili zote tangu siku ile, kwa sababu mama anasema aliyembeba mara moja hawezi tena kusema hajui njia. Na usiku elfu moja na tisini na tano ambao rafu ya chumbani kwa mama haina mwenyewe. Pale amekaa yule wa vidole kumi. Mama anampangusa vumbi kila asubuhi, anambadilishia maua, wala hamsemeshi. Zimepita usiku sitini na tatu. Zitakapokwisha zote, mama atakuwa na miaka themanini na mmoja.